Faili usilolijua: kabla ya kulifuta, lichungulie

Barua za mwezi huu zimekuja kama zilizopangwa. Watu wanne wasiojuana wamekuta kwenye kompyuta zao za nyumbani faili wasilolielewa: jina la ajabu, alama ya karatasi nyeupe, na ukilibofya kompyuta inakurudishia swali, ulifungue kwa programu gani? Nimeziweka kando barua nyingine zote. Jambo hili nimeliona likiwapotezea watu vitu visivyorudi, na mara nyingi kilichopotea kingepatikana kwa dakika kumi tu za subira.

SWALI

*Kaka fundi, salaam. Kwa miezi mitano nimekuwa nikiandika kwenye Word historia ya ukoo wetu. Shangazi anasimulia, mimi naandika. Zilifika kurasa 64. Wiki iliyopita nilikuwa katikati ya kuhifadhi, umeme ukakatika. Kompyuta ilipowaka, faili langu halikuwepo. Kwenye folda nimekuta vitu vitatu: ~$storia ya ukoo.docx, ~WRD0003.tmp na ~WRL0004.tmp. Nikibofya naulizwa nichague programu. Mpwa wangu anasema hizo ni takataka, nifute tu nianze upya. Shangazi siku hizi ni mgonjwa, hawezi kukaa akasimulia kama zamani. Nifanyeje?*

JIBU

Dada yangu, usifute. Barua yako niliijibu siku ileile niliyoipata bila kusubiri gazeti, kwa kuwa jambo kama hili halingoji. Hapa nayarudia niliyokueleza, kwa kirefu zaidi, ili wengine nao wayapate.

Kabla ya kugusa chochote, chukua flashi, nakili folda nzima uiweke humo. Mahangaiko yako yote yafanyie kwenye nakala. Sababu yangu ni hii: mafaili ya muda hufagiwa na programu ileile iliyoyazaa. Word ikifunguliwa, ikafanya kazi yake na kufungwa salama, huondoa mabaki iliyoyaacha yenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kuhangaika jioni nzima akifungua na kufunga Word, asijue kwamba anamwita mfagiaji. Na faili likishafutwa, mahali lilipokuwa kwenye diski panahesabiwa kuwa pako wazi. Chochote kitakachoandikwa baadaye, hata kurasa za intaneti unazofungua kutafuta msaada, kinaweza kuandikwa juu yake.

Sasa tuje kwenye hilo .tmp. Herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili huitwa kiendelezi. Mimi huuita mkia. Mikia mingi inakueleza kilichomo: .jpg ni picha, .mp3 ni sauti, .docx ni andiko la Word. Lakini .tmp haisemi lolote kuhusu kilichomo. Inasema jambo moja tu, kwamba faili hili ni la muda. Ni kama mfuko ulioachwa mlangoni na karatasi juu yake, "nitarudi kuuchukua". Karatasi hiyo haikuambii kama ndani mna nguo au vitabu. Ndiyo maana hakuna programu ya kufungulia .tmp, na ukiona mahali wanakushawishi upakue moja, ondoka. Swali la kujiuliza si "nilifungue kwa nini?" bali "nani ameliweka hapa?"

Kwako jibu liko kwenye majina yenyewe. Lile linaloanza na ~$ ni alama ya kufuli. Kila unapofungua andiko, Word huweka pembeni kijifaili kidogo sana, kwa kawaida baiti 162, chenye jina la anayelitumia, ili mwingine akitaka kulifungua aambiwe kuna mtu humo. Hamna hata neno moja la shangazi. Hilo usilihangaikie, ila pia usilifute kabla hujamaliza.

Yale mawili yaliyobaki ndiyo yenye maana. Word inapohifadhi haiandiki juu ya faili lako moja kwa moja. Hujenga faili jipya pembeni kwa jina la muda. Likishakamilika, la zamani huondolewa na jipya hupewa jina lile ulilozoea. Utaratibu huu umewekwa kwa usalama, ili kazi yako isiharibike katikati. Umeme wako ulikatika majina yalipokuwa yakibadilishana. Ndiyo sababu huoni faili lenye jina lako: huenda lipo, ila limebaki na jina la safari.

Angalia kwanza ukubwa. Faili lenye kilobaiti sifuri halina kitu, achana nalo. Uliponiandikia tena ulisema ~WRD0003.tmp lina sifuri na ~WRL0004.tmp lina kilobaiti 118. Basi hilo la pili ndilo la kuchungulia.

Kuchungulia ni hivi. Kwenye nakala, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kulifungulia kwa programu nyingine, kisha Notepad. Hakikisha hujaweka tiki ya kusema mafaili ya aina hiyo yafunguliwe hivyo siku zote. Utaona ukurasa wa herufi zilizovurugika, vijisanduku, alama za hesabu, nafasi tupu. Usiogope, na usihifadhi unapofunga. Ukihifadhi hapo umeliharibu. Tazama mwanzo kabisa, herufi mbili tatu za kwanza. Kwako zilikuwa PK, na mbele kidogo, katikati ya vurugu, yakasomeka maneno [Content_Types].xml.

Hapo ndipo nilipopata matumaini. PK ni herufi za Phil Katz, mtu aliyetengeneza PKZIP, programu ya kubana mafaili, mwaka 1989 na fomati ya zip tunayoitumia hadi leo. Tangu Office ya 2007, kila faili la .docx kwa kweli ni kifurushi cha zip chenye vijifaili vingine ndani, na ndicho kinachokufanya uone PK. Lingekuwa andiko la Word ya zamani, lenye mkia wa .doc, lingeanza na baiti D0 CF 11 E0. Walioiunda fomati hiyo walizichagua zisomeke kwa macho kama "docfile". Kwenye Notepad utaona tu herufi za kigeni, ya kwanza ikiwa D yenye kistari.

Aina nyingi za mafaili huanza na saini kama hiyo, na saini haibadiliki hata jina likibadilishwa mara mia. PDF huanza na %PDF. Picha ya PNG ina neno PNG mwanzoni kabisa. GIF huanza na GIF87a au GIF89a. Nyimbo nyingi za MP3 huanza na ID3. Ukizishika hizi chache, mafaili mengi ya nyumbani yatakuwa yanajitambulisha yenyewe.

Baada ya kuona PK na maneno yale, nenda kwenye nakala, badilisha jina, ondoa .tmp uweke .docx. Kompyuta itakuonya kwamba faili linaweza lisitumike tena. Kubali, unafanya kwenye nakala. Kisha fungua Word kwanza, na faili ulifungulie humo. Ikisema limeharibika na kuuliza ijaribu kulitengeneza, kubali.

Ikikataa kabisa, bado hujafika mwisho. Faili la zip huweka orodha ya vilivyomo mwishoni, si mwanzoni. Likikatika kabla ya kufika huko, programu nyingi hulikataa kwa sababu hazioni orodha, ingawa vitu vyenyewe vimo. Jaribu kulifungua kwa 7-Zip, ambayo ni ya bure. Ndani tafuta folda inayoitwa word, na humo document.xml. Litoe nje, lifungue kwa Notepad. Maneno yako yatakuwa humo, yamezungukwa na alama nyingi za pembe. Mwonekano unachosha macho, lakini sentensi zinasomeka na zinaweza kunakiliwa.

Na kabla hujakata tamaa, tafuta kwenye kompyuta yako mafaili yenye mkia wa .asd. Hizo ni nakala ambazo Word huziweka yenyewe unapoandika, kila baada ya dakika 10 kama hujabadilisha mpangilio. Mimi huushusha muda huo mpaka dakika 2 kwenye kila kompyuta ninayoshika.

Dada huyu aliniandikia baada ya siku mbili. Faili lilifunguka mara ya kwanza alipobadilisha mkia. Kurasa 61. Tatu za mwisho hazikuwemo, nazo ndizo alizokuwa ameandika wiki ileile, bado anazikumbuka.

Naomba nieleze kwa nini nasema haya kwa mkazo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliachiwa kompyuta iliyojaa hadi inashindwa kuwaka vizuri. Kwa mazoea nikaenda moja kwa moja kwenye folda ya Temp, ambamo programu huweka mafaili yake ya muda, nikachagua yote, nikafuta. Mwenyewe alipokuja kuichukua aliuliza kama nimeona faili moja kubwa lisilo na mkia, karibu megabaiti 40. Ilikuwa sauti ya marehemu mkewe. Programu ya kurekodia iliganda kabla hajahifadhi, naye alikuwa ameliacha faili palepale, asiliguse, akisubiri mtu anayejua. Nilikesha siku tatu na programu za kurejesha vilivyofutwa. Nikapata vipande vya sekunde chache chache, vingine ukimya mtupu. Nilimpa nilichokipata. Alikisikiliza pale pale dukani, amesimama, kisha akanishukuru. Tangu siku hiyo sifuti faili la mtu kabla ya kuyapanga yote kwa ukubwa, kutazama tarehe, na kumwuliza mwenyewe.

SWALI

*Mwanangu fundi, mimi ni mstaafu. Flashi yenye picha za wajukuu zangu ilichomolewa kabla ya wakati. Nilipoirudisha, kompyuta ikasema ina hitilafu, irekebishe? Nikakubali. Sasa picha hazipo. Kijana mmoja amenionyesha folda iliyofichika, FOUND.000, na ndani yake FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea hadi FILE0212.CHK. Anasema hazifunguki. Picha zangu zimekwenda wapi?*

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Naamini nyingi ziko humohumo kwenye folda hiyo.

Flashi hutunza daftari la kusema faili fulani linaitwa hivi na linakaa hapa. Ilipochomolewa ghafla, daftari likavurugika. Ulipokubali matengenezo, kompyuta ilipita ikikusanya vipande ambavyo havikuwa na jina daftarini, ikavipa namba kwa mfululizo na mkia wa .CHK. Haikujaribu kujua kama ni picha au barua. Kilichopotea kwa hakika ni majina.

Usiandike kitu kingine kwenye flashi hiyo. Nakili folda yote uiweke kwenye kompyuta, kisha chungulia moja kwa Notepad kama nilivyoeleza hapo juu. Kama ni picha ya kamera au simu, kwenye mstari wa kwanza utaona neno Exif au JFIF. Badilisha mkia wa nakala hiyo uwe .jpg na uifungue.

Ikifunguka, usihangaike na moja moja hadi 212. Mwombe huyo kijana afungue dirisha la amri ndani ya folda ya nakala, si la flashi, aandike:

ren *.CHK *.jpg

Yote yatabadilika kwa mara moja. Yatakayogoma kufunguka huenda si picha, yarudie kuyachungulia. Video za simu zina neno ftyp karibu kabisa na mwanzo, hizo zipe .mp4. Ukiona mafaili mengi ya aina tofauti, kuna programu ya bure iitwayo TrID inayosoma saini na kukuambia faili linafanana na nini. Wenye Linux au Mac hawana haja hata ya kupakua: kuna amri inayoitwa file, iliyokuwemo kwenye Unix tangu 1973, na kazi yake ni hiyohiyo.

Nikutayarishe kwa jambo moja, mzee. Baadhi ya picha zinaweza kufunguka nusu, uso ukaonekana na chini ikawa kijivu. Hiyo ni picha iliyokuwa imehifadhiwa vipande viwili mahali tofauti, na kipande cha pili kikapewa namba yake kivyake, bila saini mwanzoni. Hizo ni ngumu. Kama ni nyingi, jaribu PhotoRec, nayo ni ya bure. Hupitia flashi yote ikitafuta saini za mafaili bila kujali daftari. Iamuru ihifadhi inachopata kwenye diski ya kompyuta, kamwe isiwe flashi ileile.

SWALI

*Shikamoo fundi. Nilikuwa napakua video ya masomo, mtandao ukakatika ikiwa imefika megabaiti 700. Imebaki na mkia wa .crdownload. Nikibadilisha kuwa .mp4 itacheza?*

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Huenda ikacheza, huenda isicheze, na bahati yako inategemea ilivyotengenezwa.

Mkia wa .crdownload ni wa Chrome na jamaa zake, .part ni wa Firefox. Yote inasema upakuaji haujakamilika. Anza kwa kutazama orodha ya vilivyopakuliwa ndani ya kivinjari, uone kama kuna kitufe cha kuendelea. Kikikubali, umeokoa megabaiti zako zote.

Kikigoma, nakili faili, badilisha mkia wa nakala, jaribu kwa VLC, programu ya kuchezea video. Video ya MP4 huwa na sehemu iitwayo moov, yenye ramani ya kusema picha gani iko wapi. Wanaotayarisha video kwa ajili ya mtandaoni kwa kawaida huiweka mwanzoni. Basi ulichopakua kitacheza hadi pale kilipokatika. Ikiwa ramani iko mwishoni, unazo megabaiti 700 bila ramani, na VLC haitaonyesha kitu. Hapo pakua upya.

Hayo ni ya video. Likiwa faili la kusakinisha programu, nusu yake usiliendeshe hata kidogo. Lifute.

SWALI

*Fundi, nimepata barua pepe kutoka kwa mtu ninayemfahamu. Imeambatana na faili linaloitwa malipo.tmp. Anaandika kwamba mfumo wao wa barua umebadilisha jina kwa bahati mbaya, niliweke kwenye kompyuta, nibadilishe mkia uwe .exe, nilibofye nione malipo yangu. Sijafanya bado. Nifanye?*

JIBU

Hapana, ndugu yangu. Usifanye, na nashukuru umeuliza kwanza.

Mifumo mingi ya barua pepe huzuia mafaili ya .exe kwa sababu ni programu zinazoendeshwa, wala si karatasi za kusomwa. Anayetaka kukupenyezea moja hubadilisha mkia ili lipite mlangoni, kisha anakuomba wewe uurudishe. Maelezo ya malipo huja kama PDF au andiko. Hakuna sababu yoyote njema ya kuyatuma kama programu. Kwamba jina la mtumaji unalijua halisaidii, maana huenda akaunti yake imeingiliwa, na jina nalo huigizwa. Mpigie simu kwa namba uliyonayo wewe, si ile iliyo kwenye barua.

Ukitaka uhakika bila hatari, Notepad haiendeshi kitu, inaonyesha tu. Faili likianza na herufi MZ, hiyo ni programu ya Windows. Ni herufi za Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyeshiriki kuunda fomati hiyo enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, na zimebaki mpaka leo. Chini kidogo utaona sentensi ya Kiingereza inayotaja DOS. Ukiona hivyo, jina lolote lililoandikwa juu yake halina maana tena.

Ila nisikupe imani iliyozidi. Kutokuwepo kwa MZ hakumaanishi faili ni salama. Mafaili ya .vbs, .js na .bat ni maandishi matupu, hayana saini, na bado yanatekeleza amri. Andiko la Word linaweza kubeba makro, yaani amri zinazoendeshwa ndani ya andiko. Kuchungulia kunakuambia kilichomo ni aina gani. Nia ya aliyekituma hakukuambii.

Hila ya mkia si mpya. Mei 2000 watu wa nchi nyingi walipata barua pepe yenye faili LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, iliyoanzia Ufilipino. Windows ilikuwa ikificha mikia inayoijua, kwa hiyo waliona .TXT tu wakadhani ni maandishi ya kusoma. Kirusi kikaharibu mafaili yao na kujituma kwa kila aliyekuwa kwenye vitabu vyao vya anwani. Miaka yote hii, Windows bado huja ikiwa inaficha mikia. Leo hii fungua folda yoyote, ingia kwenye menyu ya View, uwashe kuonyesha viendelezi vya majina. Hili naliomba kwa kila anayesoma ukurasa huu.

Unaweza pia kulipima faili kwenye VirusTotal, tovuti inayolipitisha kwenye antivirusi nyingi kwa pamoja. Lakini jua kwamba unachopakia huko huweza kuonwa na watafiti na kampuni za usalama. Faili la kutiliwa shaka lipeleke. Cheti chako, karatasi za hospitali au historia ya ukoo usipeleke.

Na kama kuna msomaji aliyekwisha kubofya kitu cha namna hii: kata intaneti sasa hivi, usiandike nenosiri lolote kwenye kompyuta hiyo, fanya ukaguzi kamili wa antivirusi, na nywila zako zibadilishe kwa kutumia kifaa kingine. Ukikuta mafaili yako yote yamepata mkia mmoja wa ajabu na kuna barua ya kudai fedha, usilipe kwa pupa wala usifute chochote. Tembelea kwanza No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Kwa aina kadhaa za virusi hivyo wana ufunguo wa bure.

SWALI

*Kaka, kwa kifupi tu: folda yangu ya Temp ina gigabaiti 9. Nifute?*

JIBU

Futa, dada, lakini kwa utaratibu. Hifadhi kazi zako, funga programu zote, zima kompyuta uiwashe tena. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika %temp%, ingia. Panga kwa ukubwa. Yale makubwa ambayo hujui yametoka wapi, yachungulie. Faili zito sana huigandisha Notepad, hivyo kwa hayo tumia HxD, programu ya kuchungulia baiti za faili, inayosoma hata diski nzima bila taabu. Kisha panga kwa tarehe, uyaache ya siku chache zilizopita, maana usakinishaji au urejeshaji fulani unaweza kuwa bado unayahitaji. Mengine yafute. Ukiambiwa moja linatumika, liruke.

Na kama uko nyumbani na wengine wanaotumia kompyuta hiyo, waulize kwanza kama kuna kitu wanakitafuta.